Kaburi Moja Lililozidi

Uvumi huo niliupata kwenye mashine ya kusaga, mahali ambapo siri huambiwa mtu kwa kupigiwa kelele. Jirani yangu Mama Zaituni alinisogelea na ndoo yake ya mahindi, akanishika bega, akaniwekea mdomo sikioni, akapayuka: "Mama Sikudhani, usimwambie mtu! Shamba lenye kaburi, halmashauri inalipa mara tatu!" Bahati mbaya mwenye mashine alizima injini wakati ule ule ili abadilishe chekeche, kwa hiyo ile "mara tatu" ikasikiwa na foleni nzima, pamoja na mzee mmoja ambaye tangu mwaka juzi sote tunajua kuwa hasikii.

Nikarudi nyumbani na unga wangu, na uvumi ukanifuata. Nikisonga ugali, upo. Nikifua, upo. Nikiinama kupalilia karanga, unaniambia kwa sauti ya Mama Zaituni: mara tatu. Nimewahi kukaa na malaria, nimewahi kukaa na mawifi, na wote hao siku moja waliondoka. Ule uvumi haukuondoka.

Haya ninayoyaandika yalitokea katika nchi moja ambayo siitaji jina. Si kwamba naogopa. Ni kwamba nina mtoto mmoja, kuku sita na mume, na wote wananitegemea. Kata yetu inaitwa Subirini, na inafaa jina lake. Nawaandikia akina mama wa kata nyingine, ambako halmashauri bado haijafika kununua ardhi ya shule, ili ikifika iwakute macho.

Kwanza muielewe shida yetu. Subirini haikuwa na shule. Shule ilikuwa ng'ambo ya Mto Ngurumo, na juu ya mto palilala gogo. Gogo hilo halmashauri ililiita daraja, na kila mwaka ililipaka rangi nyeupe na nyekundu ili liendelee kuwa daraja. Rangi hiyo ikinyeshewa huteleza kuliko sabuni. Watoto wetu mia mbili na nane walipita hapo kwenda na kurudi.

Masika ya mwaka juzi Sikudhani wangu, wakati huo ana miaka sita na nusu, aliteleza. Dada mmoja aliyekuwa akifua nguo chini ya gogo alimdaka kwa pindo la sketi. Kiatu cha kushoto kilikwenda na maji, daftari la hesabu likakifuata, na moyo wangu ukaenda navyo. Hadi leo sijaupata wote. Tangu siku hiyo nilimsindikiza kila asubuhi mpaka mtoni, nikasimama ukingoni, nikahesabu hatua zake. Zilikuwa kumi na saba. Hatua ya kumi na mbili ndipo gogo lilipoyumba.

Nilikipeleka kile kiatu kilichobaki ofisi ya kata, nikakiweka mezani mbele ya Mheshimiwa Diwani Kasembe. Diwani wetu ni mtu mpana, mpole, anayesikiliza kwa kufumba macho.

"Hiki ni cha kushoto au cha kulia?" akaniuliza.

"Cha kulia, mheshimiwa. Cha kushoto kimekwenda na mto."

Akamgeukia karani. "Andika: mwananchi ameleta nusu ya ushahidi."

Msidhani serikali ilikuwa imelala. Ilikuwa kazini kwa miaka minne mfululizo. Mwaka wa kwanza ilipitisha azimio kwamba watoto wapo. Mwaka wa pili iliunda kamati ya kuthibitisha kama mto nao upo, kamati ikaufuata mto siku tisa, mpaka kwenye hoteli moja yenye samaki wazuri, ikarudi na ripoti: "Mto upo, na kuna dalili kuwa utaendelea kuwepo." Mwaka wa tatu ikaamuliwa kuwa shule itahitaji ardhi, kwa sababu uzoefu wa nchi rafiki unaonyesha kwamba shule nyingi hujengwa juu ya ardhi. Mwaka wa nne wakaichagua Kilimani.

Kilimani ni pazuri. Hapatuami maji, upepo unapita, na mtoto wa upande wetu anafika bila kuvuka chochote zaidi ya mbuzi. Palikuwa na mashamba ya familia kumi na moja, na langu likiwamo, nusu ekari ya karanga. Tulipoitwa kukubaliana bei, tulikubali siku ile ile, kabla hata ya soda. Haraka hiyo ikaitia halmashauri wasiwasi. Wananchi wanaokubali upesi hivyo, wakasema, lazima kuna jambo. Wakaagiza tathmini ya mali zote Kilimani, ifanyike baada ya wiki mbili, na wakabandika tangazo: "Kuanzia leo kila kitu kibaki kama kilivyo. Ni marufuku kupanda, kujenga, kufuga, wala kuchimba kisima."

Tulilisoma tangazo hilo mara mbili. Kuzika hakukutajwa.

*

Fundi Likapa, ambaye maisha yake yote amejenga vyoo na hakuna aliyewahi kumwamkia kwa heshima, ghafla akawa mtu wa kufuatwa kwa miadi. Nilimkuta Kilimani mchana kweupe, amezungukwa na akina mama, ana kalamu sikioni.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, Mama Sikudhani. Unataka marehemu wa aina gani?"

"Kwani wako wa aina ngapi?"

"Yupo wa kawaida, udongo na mawe. Yupo wa heshima, huyo ana saruji. Alikuwapo na shujaa wa vita, mwenye vigae, lakini mashujaa wamekwisha. Amewachukua wote Mama Zaituni."

"Wote?"

"Tisa. Ukoo wao umepigana sana wiki hii."

Nikasema mimi sina makuu, nataka mmoja tu. Wa kawaida. Mzee.

"Wa dini gani, ili nijue anatazama wapi?"

"Mweke wa zamani sana, kabla watu hawajaanza kuulizana."

"Jina?"

Hapo nikakwama, maana kumtungia mtu kifo ni rahisi kuliko kumtungia jina. Nikatazama chini, nikaona kilichokuwa miguuni mwangu. "Mzee Karanga," nikasema. Fundi Likapa akaandika bila kuinua kichwa.

Kaburi jipya halina sura ya kaburi, lina sura ya biashara. Kwa hiyo fundi akatufundisha kulizeesha: unalisiriba kinyesi cha ng'ombe, unalimwagia maziwa mgando, unaliacha juani, na baada ya siku tatu linaota ukungu wa kijani utadhani lilikuwapo babu zetu wakiwa wachumba. Kilima kizima kikanuka mtindi. Nzi walikuja kutoka kata za jirani.

Jioni jua likiwa bado liko, Baba Sikudhani akapita akitoka kwenye kibanda chake cha kutengeneza baiskeli. Mume wangu ni mtu wa maneno machache, na hayo machache anayachagua. Akasimama shambani, akatazama.

"Mama Sikudhani, tumefiwa?"

"Hapana."

"Huyu nani?"

"Babu yako."

"Upande gani?"

"Upande wa karanga."

"Amefariki lini?"

"Jumanne."

Akavua kofia. "Basi poleni," akasema, akaenda kuoga.

Nilijiambia si tamaa. Nilijiambia ni viatu. Malipo yakija mara tatu nitamnunulia Sikudhani jozi mbili, ili hata siku ya ufunguzi wa shule asiende kama nusu ya ushahidi. Kila mtu Kilimani alikuwa na la kujiambia. Mama Zaituni alisema ni paa. Mwingine alisema ni mahari ya mwanawe. Hakuna kaburi hata moja pale lililojengwa kwa nia mbaya.

*

Siku ya tathmini alikuja Afisa Ardhi, Bwana Mtutura, kijana nadhifu mwenye viatu vyeusi vilivyong'aa. Alikuja na pikipiki, utepe wa kupimia, na fomu mpya iitwayo Fomu ya Marehemu Mwenye Makazi.

Alianza kwa Mama Zaituni. Akapanda juu ya shujaa wa kwanza ili asome jina, na mguu ukazama mpaka kwenye kifundo, maana shujaa alikuwa hajakauka. Bwana Mtutura akauchomoa mguu, akaufuta kwa majani, akasema: "Saruji ya zamani hii. Siku hizi hawatengenezi laini namna hii." Akaandika, akaenda kwa shujaa wa pili, safari hii kwa kupitia pembeni.

Akafika kwangu.

"Jina la marehemu?"

"Mzee Karanga."

"Kazi yake?"

"Mkulima."

"Wa zao gani?"

Nikamtazama kama ananitania. Hakuwa ananitania. Nikamjibu.

"Sababu ya kifo?"

"Uzee."

"Maoni ya marehemu kuhusu mradi wa shule?"

"Afisa, si amekufa?"

"Mama, fomu haina kisanduku cha amekufa. Kuna anaunga mkono, anapinga, na hajaamua."

"Anaunga mkono," nikasema. "Alipenda sana watoto."

"Weka dole gumba hapa kwa niaba yake."

Nikaweka. Bwana Mtutura akatoa muhuri mfukoni, akaupulizia pumzi, akaugonga. "Haya mama. Sasa amekufa rasmi." Akatabasamu kama mtu aliyeniletea habari njema, nami nikamshukuru.

*

Mkutano wa maamuzi uliitishwa uwanjani. Waheshimiwa walikaa chini ya turubai kwenye viti vya plastiki, sisi tulikaa chini ya jua kwenye nyasi, na watoto wakawekwa mbele kabisa ili wapigwe picha.

"Subirini!" akapaza sauti Mheshimiwa Kasembe.

"Tunasubiri!" tukaitikia. Ndiyo salamu ya kata yetu.

"Ndugu wananchi mlio hai, na ndugu wananchi wenye udhuru wa kudumu! Serikali hii ni sikivu. Inamsikiliza mwenye sauti na asiye nayo. Nani alijua kuwa Kilimani, pale tulipodhani pana karanga na mihogo tu, wamelala wazee wetu wengi kiasi kile? Sisi tulikuwa tunapita pale tunatema mate! Nimesoma ripoti ya Bwana Mtutura, nimelia. Mashujaa tisa kutoka familia moja! Na vita yenyewe hatukuwahi kusikia ilipiganwa lini. Huo ndio uzalendo wa kimyakimya!"

Tukapiga makofi. Mama Zaituni akajifuta macho, na nadhani alikuwa anaanza kuwaamini.

"Sasa twende kwenye kanuni," akasema Mheshimiwa. "Kanuni ya kumi na nne inasema ardhi hupewa walio wengi. Idadi zikilingana, wapewe walio hai, kwa sababu wao wana haraka. Watoto wanaohitaji shule ni mia mbili na nane." Akainua karatasi ya pili, akasoma taratibu. "Marehemu wa Kilimani ni mia mbili na tisa."

Akaikunja karatasi.

"Wafu wameshinda," akasema, "kwa mmoja. Kwa hiyo Kilimani patajengwa makaburi ya kisasa ya umma."

Mama Zaituni akanyanyuka kama aliyekalia siafu. "Mheshimiwa, na malipo yetu ya mara tatu?"

"Malipo ya nini, mama? Makaburi hayanunuliwi. Tangu marehemu wa kwanza alipolala pale, ardhi ni ya umma. Au kweli unataka kuwauza mashujaa tisa hadharani, mbele ya watoto?"

Watu wakamzomea Mama Zaituni, na waliomzomea kwa nguvu zaidi walikuwa wale wenye makaburi ishirini na kwenda juu.

Mimi nilikuwa nimebaki kwenye lile neno, kwa mmoja. Sikudhani alikuwa mbele na wenzake, anahesabu kwa vidole, kisha akageuka akanitafuta kwa macho. "Mama," akaita, "wametuzidi mmoja tu?"

"Mmoja tu, mwanangu."

"Nani?"

Nikamfuata pale mbele, nikainama nikamfunga kamba ya kiatu. Ilikuwa imefungwa tayari. Nilipomaliza nikasimama.

"Mheshimiwa, mimi ni mama wa kiatu."

"Nakukumbuka. Ushahidi nusu."

"Namwondoa Mzee Karanga."

"Unamwondoa kwenda wapi?"

"Hayupo. Hakuwahi kuwapo. Kaburi lile nilijengewa na Fundi Likapa, na chini yake kuna karanga. Mtoe yeye, zibaki mia mbili na nane kwa mia mbili na nane, watoto wapewe Kilimani. Malipo sitaki."

Wenye mashamba wengine kumi wakaanza kuchunguza nyasi. Mheshimiwa Kasembe akafumba macho, akainamiana na Bwana Mtutura, wakanong'ona kwa muda wa kutosha kula ndizi. Kisha Bwana Mtutura akasimama na fomu yangu.

"Mama, hapa pana jina lake, kazi yake, na maoni yake mazuri sana kuhusu mradi. Dole gumba ni lako. Kwa hiyo serikali inajua kuwa alikuwamo. Ukisema sasa hayumo, serikali ina swali moja tu." Akaniangalia kwa huruma. "Maiti umeipeleka wapi?"

Askari wa kata akasogeza kiti chake karibu yangu.

"Na kumfufua kunahitaji fomu yake," akaongeza Bwana Mtutura, "ambayo bado haijachapishwa."

Ningependa kuandika kuwa wenzangu walisimama pamoja nami. Fundi Likapa alisimama, lakini alikuwa anakwenda kunywa maji. Nikakaa.

*

Makaburi yalijengwa upesi kuliko kitu chochote kilichowahi kujengwa Subirini. Sababu ilikuwa moja: ramani ya shule ilikwisha kuchorwa na kupigwa muhuri, na kuchora nyingine kungehitaji kamati. Wakafuta neno moja juu ya ramani, wakaandika lingine, mafundi wakaanza kazi.

Ndiyo maana makaburi yetu yana vyumba saba vinavyoitwa Vyumba vya Wafiwa, kila kimoja na ubao mweusi wa kuandikia ratiba ya mazishi, na mabenchi ya wafiwa wafupi. Yana vyoo kumi na viwili, sita vya waombolezaji wa kike na sita vya wa kiume. Yana kengele. Yana Ofisi ya Mkuu wa Makaburi yenye kabati la chaki. Mgeni rasmi aliyekuja kuyafungua alikata utepe, akatazama mabenchi, akatazama bembea iliyofungwa kule nyuma kwa mujibu wa ramani, akasema: "Wana Subirini, hongereni! Sasa mna mahali pa kwenda!"

Getini wakamweka mlinzi, Mzee Chiwinga, mtu mwaminifu ambaye amri akipewa huilalia na kuiamkia. Amri yake ilikuwa fupi: haingii mtu asiyefiwa.

Masika yakaja tena. Wiki ya pili Mto Ngurumo ulipanda, ukalichukua gogo, na rangi yake, na kibao kilichosema Daraja. Watoto wakakaa nyumbani. Mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Wiki ya tatu nikaacha kufurahi. Sikudhani alikuwa amekaa mlangoni anaandika hesabu kwa kijiti kwenye matope, na mvua inamfutia.

Upande wetu alikuwa amekwama pia Mwalimu Nakuti, dada mrefu anayefundisha ng'ambo na kulala kwetu. Tulikutana bombani.

"Mama Sikudhani," akasema, macho yako Kilimani, "pale juu pana ubao."

"Pana na mlinzi."

"Mlinzi anataka nini?"

"Anataka msiba, mwalimu."

Tukatazamana. Maji yakamwagika, hakuna aliyefunga bomba.

Jumatatu asubuhi watoto mia mbili na nane walipanda Kilimani kwa mstari, wamejitanda kanga za mama zao, madaftari tumboni. Mzee Chiwinga akatoka na rungu lake.

"Mmefiwa?"

"Tumefiwaaa!"

"Na nani?"

"Na Mzee Karanga!"

"Ooo. Poleni sana, wajukuu zangu." Akawapitisha macho. "Mbona nyuso zenyewe hazina majonzi? Yule pale si anacheka?"

Sikudhani ndiye aliyeanza. Baadaye aliniambia alifikiria kiatu cha kushoto. Akaangua kilio cha kweli, aliye nyuma yake akakidakia, kikapanda mstari mzima mpaka mbuzi wakakimbia. Mzee Chiwinga akafungua geti huku naye anapenga kamasi, na mpaka leo anaamini alimfahamu marehemu. Anasema walilima pamoja.

Ndani, Mwalimu Nakuti akasimama kwenye ubao kama msoma wasifu. "Marehemu Mzee Karanga aliacha mbuzi kumi na wawili. Watano wakachinjwa matangani. Wamebaki wangapi?"

"Sabaaa!"

"Lieni kidogo."

Wakalia kidogo, Mzee Chiwinga akaridhika, wakaendelea. Kwenye maarifa marehemu alisafiri kutoka mashariki kwenda magharibi akiliacha jua nyuma asubuhi. Kwenye Kiswahili walimwandikia barua. Na Sikudhani, ambaye hesabu zilimpiga chenga tangu daftari lake liende na maji, sasa anajua kugawanya urithi wa yule mzee hata pakiwa na wajukuu wasiogawanyika.

Halmashauri ilishangazwa na ripoti za mlinzi. Waombolezaji mia mbili na nane kila siku, kwa marehemu mmoja, tena wanafika saa moja na nusu kamili! Mheshimiwa Kasembe akaja mwenyewe kushuhudia. Akasimama nje ya dirisha, akasikia darasa zima likiimba: saba mara moja saba, saba mara mbili kumi na nne. Akavua miwani. "Huu ni ukoo wa ajabu," akamwambia Bwana Mtutura. "Wanaomboleza kwa mahesabu." Wakapitisha azimio la kuijenga barabara ya kwenda kwa Mzee Karanga. Imejengwa. Ndiyo barabara pekee Subirini isiyo na mashimo.

Kwa hiyo nakiri, mtoto wangu havuki tena mto. Asubuhi bado nasimama nje na kumhesabia hatua, kwa mazoea, mpaka zinapofika kumi na saba na kupita, kisha narudi ndani. Lakini bado miaka mitano afike darasa la saba, na mtihani wa taifa unataka namba ya shule. Nilikwenda ofisi ya kata kuuliza: mtoto akimaliza pale Kilimani, atapewa cheti gani?

Karani akapekua mafaili, akanijibu kwa adabu. "Cha kifo, mama. Pale ndicho tunachotoa."

Na wiki iliyopita limebandikwa tangazo jipya. Halmashauri imegundua kuwa Subirini ina makaburi ya kisasa lakini haina shule, na inatafuta ardhi ya kununua. Wamekwisha kupita nyuma ya nyumba yangu, kwenye bustani ya mchicha, na Bwana Mtutura ana viatu vipya. Jana kwenye mashine ya kusaga Mama Zaituni alinisogelea na ndoo yake. "Mama Sikudhani, usimwambie mtu! Safari hii ni miti ya kihistoria! Mara nne!" Nikaziba masikio kwa unga. Nje nilimpita Fundi Likapa akiusiriba mpapai maziwa mgando.

Ndipo nikaamua kuandika. Enyi mama wenzangu, halmashauri ikija kununua ardhi ya shule, epukeni haya:

Usisikilize neno lolote kwenye mashine ya kusaga, injini iwe inanguruma au imezimwa.

Usiseme "mimi ni mmoja tu." Kila mtu alikuwa mmoja tu.

Usimzike mtu ambaye hajazaliwa.

Usiweke dole gumba kwa niaba ya mtu asiyeweza kulikana.

Usilitafute lile ambalo tangazo limesahau kulikataza.

Usipeleke kiatu kimoja ofisini. Peleka viwili, hata kama cha pili utakiazima.

Usingoje mkutano ndipo useme kweli. Iseme kabla ya muhuri; baada ya muhuri inageuka kosa.

Kama umekwisha kujenga, bomoa leo, kabla saruji haijakauka.

Na usimzoeshe mtoto kulia getini. Juzi Sikudhani aliungua mkono na sufuria, akalia kilio cha kweli, na mimi mama yake niliyemzaa, kabla sijainuka, nikamuuliza: "Umefiwa na nani?"